Faili Lililosingiziwa: Kisa cha Kompyuta ya 386 kwenye Stoo ya Nafaka, Busia

Mashine ililetwa na malalamiko mawili. La kwanza, diski ngumu inakufa: ilipofomatiwa ilionyesha zaidi ya megabaiti 6 za sekta mbovu, yaani vipande vya diski visivyoshika data. La pili, disketi ya programu ya mizani imeharibika: kila programu inapoitwa, skrini inaandika "Packed file is corrupt" (faili lililobanwa limeharibika) na kurudi kwenye C:\>. Fundi wa kwanza alikuwa ameinakili disketi hiyo mara nne kwenye disketi nne tofauti, na nakala zote nne zikatoa maneno yaleyale. Ushauri aliomwachia mwenye stoo ulikuwa mfupi: diski imekwisha, programu imekwisha, tafuta kompyuta nyingine.

Diski ilikuwa nzima. Disketi ilikuwa nzima, na nakala zake zote nne zilikuwa nzima. Kilichokufa kweli kilikuwa betri ndogo kwenye mazabodi, bodi kuu ya kompyuta. Mengine yote yalizaliwa na hatua zilizochukuliwa baada ya betri hiyo kufa, na kila hatua ilizaa ushahidi wa uongo ulioifanya hatua mbaya iliyofuata ionekane ya busara.

Mashine na kazi yake

Ni kompyuta ya kichakataji cha 386SX cha megahezi 16, yenye kumbukumbu ya megabaiti 2, diski ngumu ya IDE ya megabaiti 40 na kiendeshi kimoja cha disketi za inchi 3.5 za megabaiti 1.44. Ipo kwenye stoo ya mahindi na maharage upande wa Uganda wa mpaka wa Busia, na inafanya kazi moja tu. Karani anaingiza uzito wa kila gunia, programu inajumlisha, inatoa uzito wa magunia matupu, kisha inachapa risiti kwa printa ya nukta juu ya karatasi ya nakala tatu: moja ya mkulima, moja ya dereva, moja ya stoo. Programu iliandikwa kwa ajili ya stoo hiyohiyo, na msimbo wake wa asili haupo tena. Hakuna mtu anayeweza kuitengeneza upya kwa mashine mpya bila kuanza moja, na ndiyo sababu kompyuta hii bado ina thamani kubwa kuliko bei ya vyuma vyake.

Tangu mwanzo ilikuwa inaendeshwa na mfumo wa MS-DOS 3.3, toleo la 1987. Toleo hilo halikubali sehemu ya diski inayozidi megabaiti 32, kwa hiyo diski ilikuwa imegawanywa mara mbili: C: ya megabaiti 32 na D: ya megabaiti 8 na kitu. Maelezo haya yanaonekana madogo, lakini bila hayo hesabu itakayofuata haieleweki.

Betri

Stoo hufunguliwa misimu ya mavuno na kulala katikati yake. Betri iliyo kwenye mazabodi za aina hii ni pipa dogo la nikeli na kadimiamu la volti 3.6, lililolehemewa moja kwa moja kwenye bodi, na huchajiwa pale tu mashine inapokuwa imewashwa. Wiki nane za kuzimwa zinatosha kuikausha betri iliyozeeka. Ikikauka, CMOS, kumbukumbu ndogo ya mipangilio inayolishwa na betri hiyo, inasahau vyote: tarehe, aina ya kiendeshi cha disketi, na aina ya diski ngumu. BIOS nyingi za enzi hizo (programu iliyo kwenye bodi inayoiamsha mashine) haziendi kuiuliza diski yenyewe ina ukubwa gani. Zinasubiri kuambiwa.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, fungua kifuniko uitazame betri. Kwenye mashine hii multimita ilisoma volti 0.4, na ukungu wa kijani ulikuwa umeanza kutambaa kuelekea soketi ya kibodi. Kinachovuja ni alkali, inayokula shaba ya bodi polepole hata mashine ikiwa imezimwa. Utaratibu uliofuatwa ni huu: betri ikakatwa kwa koleo na kutolewa, siki ikapakwa kidogo kwa mswaki mkuukuu hadi povu likaisha, kisha bodi ikasuguliwa kwa spiriti ya asilimia kubwa na kuachwa ikauke usiku kucha. Baada ya hapo kila njia ya shaba iliyopita chini ya ukungu ilipimwa kwa mlio wa multimita, kutoka tundu hadi tundu. Zote zilikuwa bado zinapitisha. Ingekuwa imekatika hata moja karibu na soketi ile, dalili ya kwanza ingekuwa kibodi isiyoitika, na watu wangenunua kibodi bure.

Badala ya kulehemu pipa jingine, bodi nyingi za 386 zina pini nne za betri ya nje, na jampa (kiunganishi kidogo cha pini) ya kuchagua ipi itumike. Kilichofungwa hapo ni kibebeo cha betri tatu za AA, volti 4.5, pamoja na dayodi moja ya 1N4148 kwenye waya chanya. Dayodi hiyo ina kazi mbili: inashusha volti hadi karibu 3.9, na inazuia bodi isijaribu kuzichaji betri ambazo hazikuumbwa kuchajiwa. Ukiiacha, betri zitavimba na kuvuja. Pini chanya itafutwe kwa kipimo, isitafutwe kwa kukisia. Kibebeo kimewekwa mbali na bodi, kimebanwa kwenye ukuta wa kasha, ili siku betri zikivuja zichafue bati tu.

Kwa nini diski nzima ilikataa kuwaka

Turudi nyuma, siku ambayo betri ilikuwa imekufa na fundi wa kwanza ameketi mbele ya mashine. Skrini inasema mipangilio ya CMOS imepotea. Anaingia Setapu, ukurasa wa mipangilio ya BIOS, na kukuta orodha ya aina za diski zenye namba. Anajua diski ni ya megabaiti 40, anatafuta iliyo karibu, anachagua aina ya 5, ambayo Setapu inaionyesha kuwa megabaiti 46. Anahifadhi na kuwasha upya. Skrini inajibu:

Non-System disk or disk error
Replace and strike any key when ready

Yaani diski haina mfumo, au ina hitilafu. Akahitimisha kwamba DOS imefutika. Haikuwa imefutika hata baiti moja.

Aina ya 5 ina silinda 940, vichwa 6 na sekta 17 kwa kila njia. Kichwa husoma uso mmoja wa sahani ya diski, njia ni duara moja kwenye uso huo, sekta ni kipande cha njia, na silinda ni njia za nyuso zote zilizo juu ya nyingine. Lebo ya diski hii, inayosomeka vizuri ukifungua kifuniko, inasema silinda 977, vichwa 5, sekta 17, na hiyo ndiyo aina ya 17 kwenye orodha ileile. Silinda zaidi au pungufu kidogo si balaa. Vichwa ndivyo vinavyoua, kwa sababu anwani ya kila sekta inakokotolewa kwa kuzidisha kwa idadi ya vichwa.

Fuatilia mashine inavyowaka. BIOS inasoma sekta ya kwanza kabisa: silinda 0, kichwa 0. Hapo sifuri mara vichwa vyovyote ni sifuri, kwa hiyo inaipata. Sekta hiyo inaielekeza kwenye sekta ya kuwashia ya C:, iliyopo silinda 0, kichwa 1, yaani sekta ya 17 tukihesabu kutoka 0. Nayo inapatikana, kwa kuwa idadi ya sekta kwa njia ni 17 katika aina zote mbili. Sasa sekta ya kuwashia inataka kusoma saraka kuu ili itafute IO.SYS, faili la kwanza la DOS. Mbele ya saraka hiyo kuna sekta 17 za mwanzo, sekta 1 ya kuwashia, na nakala mbili za jedwali la FAT (ramani ya mahali mafaili yalipo) zenye sekta 64 kila moja. Jumla 146. Kwa vichwa 5, sekta ya 146 ni silinda 1, kichwa 3, sekta ya 11 ya njia hiyo, na sekta ya kuwashia inaomba hivyohivyo. Lakini diski imeambiwa na BIOS kwamba ina vichwa 6. Inazidisha: silinda 1 mara 6, ongeza 3, ni njia ya 9 badala ya ya 8. Inaleta sekta ya 163.

Sekta ya 163 ipo bado ndani ya saraka kuu, lakini ni ya 18 katika sekta zake 32, mahali ambapo stoo yenye mafaili machache haijawahi kuandika kitu. Msimbo wa kuwashia unakuta nafasi tupu, hauoni IO.SYS, unaandika ujumbe wake. Ujumbe ni wa kweli kwa kile ulichokiona, ila uliangalia mlango wa jirani.

Ndiyo maana ujumbe huu, ukitokea mara tu baada ya betri kufa, usipelekwe kwenye DOS kabla ya kupelekwa kwenye Setapu. Rekebisha aina ya diski, washa upya, na mara nyingi mashine inaamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Na hadi aina iwe sahihi, usiendeshe amri yoyote inayoandika kwenye diski: si SYS, si FDISK, si FORMAT, si CHKDSK yenye /F. Kusoma vibaya hakuharibu kitu. Kuandika kwa hesabu ya vichwa isiyo yake kunatia wino juu ya hesabu za watu.

Kwa bahati mbaya yeye aliandika. Alichukua disketi 3 za MS-DOS 6.22, akafuta sehemu zote mbili kwa FDISK, akaunda moja na kuifomati. Katika kisa kizima hili ndilo pigo pekee lisilorudishika, na lilifanyika kabla ya mtu yeyote kufungua kifuniko kusoma lebo ya sentimita chache.

Sekta mbovu ambazo hazikuwepo

FORMAT ilikwenda vizuri hadi karibu mwisho. Kisha ikaanza kuandika "Trying to recover allocation unit", namba baada ya namba, kwa muda mrefu. Ilipomaliza ikaripoti zaidi ya baiti milioni 6 katika sekta mbovu. Kwa mtu yeyote hiyo ni diski inayokufa.

Lakini tazama namba. Kujikwaa kulianza karibu na kifungu ("allocation unit") cha 20,700, na kuanzia hapo hakikupona kifungu hata kimoja hadi mwisho. Diski iliyochoka haizeeki hivyo. Madoa yake hutawanyika, matatu hapa, kumi pale. Uharibifu unaoanza mahali pamoja na kuendelea bila pengo ni ukuta, na ukuta huo una anwani. Diski ya silinda 977, vichwa 5 na sekta 17 ina sekta 83,045. DOS ya 6.22 kwenye diski ya ukubwa huu inatumia sekta 4 kwa kila kifungu. Toa eneo la mfumo mwanzoni, gawanya kwa 4, unapata vifungu 20,700 na kidogo. Yaani FORMAT ilifika mwisho wa diski na kuendelea kutembea hewani, kwa sababu Setapu iliiambia kuna sekta 95,880. Hizo megabaiti 6 na nusu "mbovu" hazikuwahi kuwepo.

Baada ya aina ya 17 kuwekwa, kazi ilirudiwa kwa mpangilio huu. Mashine iliwashwa kwa disketi ya kwanza ya 6.22, ikatolewa kwenye Setup (programu ya kusakinisha DOS, si Setapu ya BIOS) kwa kubonyeza F3 mara mbili. FDISK ikafuta sehemu ya zamani na kuunda moja mpya, ikawekwa kuwa hai. Mashine ikawashwa upya, kwani FDISK haina athari mpaka uwashe upya. FORMAT C: /S ilimaliza ikiwa na baiti milioni 42.3 na sekta mbovu sifuri. Kisha SETUP kutoka disketi ya kwanza, na disketi nyingine mbili zilipoombwa.

Kumbukumbu za stoo zilikuwa kwenye disketi tatu zilizotengenezwa kwa amri ya BACKUP ya DOS 3.3. Hapa watu wengi hukwama. Ukiifungua disketi ya BACKUP kwa DIR unaona mafaili mawili tu, BACKUP.001 na CONTROL.001, na COPY haitakusaidia chochote. RESTORE ya 3.3 nayo itakataa kwa "Incorrect DOS version". Bahati nzuri 6.22 inakuja na RESTORE yake, iliyowekwa humo mahsusi kwa ajili ya nakala za matoleo ya zamani. RESTORE A: C:\MIZANI\*.* /S ilirudisha kila kitu mahali pake. Wiki tatu za mwisho, ambazo zilikuwa bado hazijanakiliwa, karani aliziingiza upya kutoka kwenye nakala za karatasi za stoo. Karatasi yenye nakala tatu ndiyo iliyookoa hesabu hizo.

"Packed file is corrupt"

Sasa diski ni safi, DOS ni mpya, MIZANI.EXE, yaani programu ya mizani, imenakiliwa kutoka kwenye disketi ya asili. Programu inaitwa, na ujumbe ni uleule. Hapa ndipo fundi wa kwanza alipokuwa ametengeneza nakala zake nne, na karani alimwuliza swali ambalo lingetosha kumaliza kisa:

"Fundi, kwani hii si ndiyo disketi ileile iliyotumika mwanzo?"

"Ndiyo hiyo, dada, lakini disketi huzeeka."

Kweli huzeeka. Lakini disketi iliyozeeka hulia wakati wa kunakili, kwa "Abort, Retry, Fail" na kiendeshi kinachokwaruza. Ikinakiliwa kimya mara nne, zipo njia za kuhakikisha badala ya kubishana. FC /B A:MIZANI.EXE C:\MIZANI\MIZANI.EXE inalinganisha baiti kwa baiti, na ilijibu kwamba hakuna tofauti. Zaidi ya hapo, faili lililorejeshwa kutoka kwenye disketi za BACKUP, yaani lile lililokuwa likifanya kazi hadi wiki chache nyuma, lililinganishwa na lile la disketi ya asili. Yalifanana kabisa. Faili lililofanya kazi Jumanne haliwezi kuwa bovu Ijumaa ikiwa hakuna baiti iliyobadilika. Kilichobadilika ni ardhi linapokanyaga.

Neno lenyewe linachangia kupotosha. Nchini Uganda "corrupt" ni neno la magazetini, mtu akilisoma anajua pamefanyika ubaya. Ndani ya DOS lina maana finyu zaidi: kipande cha msimbo kilichopewa kazi ya kufungua kifurushi kilitazama mahali kilipotarajia kukikuta na hakikukikuta. Hakisemi kifurushi kimeoza. Kinasema hakikioni.

Jaribio la kuamua ni la dakika moja. Washa upya, na maneno "Starting MS-DOS..." yanapotokea bonyeza F5. DOS 6 inaruka CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT zote, mafaili mawili ya mipangilio yanayosomwa mashine inapowaka. Programu ikaitwa, ikafunguka, ikaonyesha magunia ya msimu uliopita. Mashine ileile, diski ileile, faili lileile. Kisha jaribio la pili, F8 badala ya F5, ambalo linauliza mstari kwa mstari. HIMEM.SYS (programu inayosimamia kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti 1) ikikubaliwa na DOS=HIGH ikikataliwa, programu inafunguka. DOS=HIGH ikikubaliwa, ujumbe unarudi. Mkosaji ana jina, na ni mstari ambao hakuna mtu aliyeuandika kwa mkono: Setup ya 6.22 huuweka yenyewe.

Kwa nini mstari wa kuokoa kumbukumbu uvunje programu? Kichakataji cha 8086, babu wa 386 hii, kilikuwa na nyaya 20 za anwani, zinazofika megabaiti 1 na si zaidi. Ukivuka mwisho, unazunguka na kurudi sifuri, kama saa inayopita 12. Kuanzia 286 ukaongezwa waya wa 21, unaoitwa A20 kwa kuwa wa kwanza huitwa A0, na ili programu za zamani zisishtuke, waya huo ukapewa swichi ya kuufunga. Ukifungwa, anwani zinazunguka kama zamani. DOS=HIGH inahamisha sehemu kubwa ya DOS kwenda kwenye kilobaiti 64 za kwanza zilizo juu ya megabaiti 1, na ili DOS iweze kuishi huko waya wa A20 lazima uwe wazi.

Upande wa pili, programu nyingi zilizounganishwa kwa zana za Microsoft za miaka ya 1980 zilibanwa kwa EXEPACK ili zipungue kwenye disketi. Zinapopakiwa, kijimsimbo kidogo kinazifungua kikianzia nyuma kwenda mbele, na katika hesabu zake kinarudi nyuma kwa karibu kilobaiti 64. Kama programu imepakiwa juu ya kilobaiti 64 za kwanza, hakuna tatizo. Kama imepakiwa ndani yake, hesabu inakwenda chini ya sifuri, yaani inatokea juu kabisa ya anwani. A20 ikiwa imefungwa, anwani inazunguka na kutua mahali sahihi. Kosa lipo lakini halionekani, na chini ya DOS 3.3 ndivyo lilivyofichika miaka yote hiyo. A20 ikiwa wazi, haizunguki. Inatua juu ya megabaiti 1, nyumbani kwa DOS yenyewe. Kijimsimbo kinasoma baiti za DOS kikidhani ni zake, hakizitambui, kinasema kifurushi kimeharibika.

Na kwa nini programu imepakiwa chini hivyo? Kwa sababu DOS imehama. Chini ilibaki takriban kilobaiti 20 tu za mfumo, na nafasi iliyoachwa ikawa ndiyo sehemu mbaya zaidi ya kusimama. Kadiri unavyobana kumbukumbu vizuri, ndivyo unavyolialika kosa hili. DOS 5 na 6 zina kiraka kinachotambua baadhi ya vijimsimbo hivi na kuvirekebisha vikiwa kwenye kumbukumbu, lakini si vyote, na cha programu hii hakikutambuliwa.

Tiba imo ndani ya DOS tangu toleo la 5, la 1991, nayo ni LOADFIX. Inajaza kilichobaki cha kilobaiti 64 za kwanza, kisha inaita programu juu yake:

LOADFIX MIZANI.EXE

Gharama yake ni kumbukumbu isiyozidi hizo kilobaiti 64. Zinabaki kama 576 kati ya 640, na programu hii inaridhika na chini ya hapo.

Ingewezekana pia kufuta DOS=HIGH na kuachana na LOADFIX. Kwa mashine ya kazi moja matokeo ni yaleyale leo. Hata hivyo LOADFIX ni bora kwa sababu inakaa na programu. Mtu akirudia Setup au akaendesha MEMMAKER, programu ya DOS ya kubana kumbukumbu, mwakani, DOS=HIGH itarudi bila kuuliza, na stoo itaamka na faili "lililooza" kwa mara nyingine. Amri iliyomo kwenye faili la kuitia programu haiguswi na hayo.

Faili hilo liliitwa PIMA.BAT na kuwekwa C:\DOS. Lisiitwe MIZANI.BAT ndani ya saraka ya programu: DOS inapokuta majina mawili yanayofanana mahali pamoja huchukua .COM kwanza, kisha .EXE, na .BAT mwisho, kwa hiyo MIZANI.EXE ingeitwa moja kwa moja na LOADFIX isingeguswa.

Yaliyobaki

Tarehe. Betri ilipokufa saa ilirudi 1980, na DOS isiyoambiwa nchi inasoma tarehe kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza. Karani akiandika 07-03 akikusudia tarehe 7 Machi, mashine inapokea tarehe 3 Julai bila kulalamika, na risiti za mkulima zinatoka zikiwa za mavuno ambayo hayajafika. Mtego huu haujitangazi kabisa. Usiandike COUNTRY=256 ukidhani namba ya simu ya Uganda itatambuliwa; COUNTRY.SYS haiijui na itakataa mstari. Tumia 044, ya Uingereza, inayoweka siku kwanza kama tulivyozoea. Baada ya kuweka tarehe, zima mashine kabisa, subiri dakika chache, washa, na uangalie mwaka, si siku tu. BIOS za zamani nyingine zinashikilia 19 mbele ya mwaka hadi DATE iandikwe upya.

SMARTDRV, programu inayoharakisha diski kwa kutumia kumbukumbu, iliondolewa kwenye AUTOEXEC.BAT. Kwenye megabaiti 2 za kumbukumbu faida yake ni ndogo, na ikiwekwa bila /X inaweza kushikilia maandishi kwenye kumbukumbu kabla ya kuyapeleka diskini. Mahali ambapo umeme hukatika katikati ya gunia la kumi na mbili, maandishi yaliyochelewa ni maandishi yaliyopotea. Printa ilichapa mara ya kwanza bila kuguswa. Swichi ya volti nyuma ya kasha ilikaguliwa na kukutwa kwenye 230, inavyopaswa kuwa kwa umeme wetu wa volti 240.

CONFIG.SYS iliyoachwa kwenye mashine:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DOS=HIGH
FILES=30
BUFFERS=20
COUNTRY=044,437,C:\DOS\COUNTRY.SYS

AUTOEXEC.BAT:

@ECHO OFF
PROMPT $P$G
PATH C:\DOS
DATE
TIME

Na PIMA.BAT:

@ECHO OFF
C:
CD \MIZANI
LOADFIX MIZANI.EXE
CD \

DATE na TIME zimeachwa zikiuliza kila asubuhi kwa makusudi, ili karani aone tarehe kabla ya risiti ya kwanza. Ndani ya kifuniko imebandikwa karatasi yenye mambo matatu: aina ya diski 17, silinda 977, vichwa 5, sekta 17, A: ni 1.44, na siku ambayo betri za AA zilifungwa. Zibadilishwe kila baada ya miaka miwili, mashine ikiwa imewashwa, ili CMOS isisahau katikati ya kubadilisha.